Meno Manne ya Daktari Barbro

Ndugu, jamaa na majirani, nyote mliofika kanisani leo licha ya barafu iliyotanda barabarani, familia inawashukuru kwa dhati, na inawaomba utulivu kidogo tuwasomee safari ya mpendwa wetu.

Marehemu Barbro Norgren alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Sorsele, mtoto wa tatu wa Mzee Algot na Bi Hedvig, akasoma hapo hapo, kisha akajiunga na chuo kikuu cha Umeå, alikohitimu udaktari wa meno mwaka 1973, na mwezi Septemba mwaka huo akaanza kazi katika kliniki ya hapa Lycksele, asihame mpaka alipostaafu. Tarehe 19 Juni 1976 alifunga ndoa na seremala Evert, wakajaliwa binti mmoja, Malin.

Mwaka 2003 alikabidhiwa kuongoza utafiti wa miaka sita, ambapo kila mgonjwa alizibwa meno mawili kwa saruji ya meno ya unga wa kioo, moja likapakwa utando wa kulikinga na jingine likaachwa hivyo hivyo, ili ionekane lipi litadumu zaidi, na bahasha ya kura ndiyo iliyoamua lipi lipakwe. Lakini Barbro, jamani, alikuwa na huruma isiyo na breki, akawapaka wagonjwa wanne meno yote mawili, akaandika kama kura ilivyotaka, na kwa kuwa utando ule huisha wenyewe, hapakuwa na jicho ambalo lingegundua.

Jambo hilo lilimnyima raha miaka mitano, hata mwaka 2008 akamwambia mumewe, "Baba Malin, nikisema watanivua uongozi, nikinyamaza hesabu ni ya uongo," naye Evert akamjibu, "Basi sema, mama, mbona chakula chenyewe huli?" Akasema mbele ya wenzake wa kliniki, wakamvua kweli, tena kwa maneno makali, ila utafiti ukaendelea kwa hesabu iliyosahihishwa, ukaonyesha kuwa meno ya aina zote mbili yalidumu vizuri, na jina lake likawekwa mwisho kabisa katika orodha ya watafiti.

Aliwapigia simu wale wanne mmoja mmoja kuwaomba radhi, na Torvald, dereva wa malori ya magogo, akamwambia, "Yaani daktari unaomba msamaha kwa kunitibu vizuri? Haya, nimekusamehe, lakini uje na keki!" Akaenda na keki.

Agosti 2022 aligundulika kuwa na kansa ya kongosho, akatutoka kwa utulivu tarehe 6 Februari 2023, Malin akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliotuondolea theluji mlangoni bila kuombwa, na wenzake wa kliniki, wakiwemo waliomkaripia siku ile, ambao ndio wamebeba jeneza lake asubuhi hii. Wagonjwa wake wanne nao wamekuja wote, na wameiomba familia imwambie mbele yenu kwamba hawamdai chochote.

Barbro wetu, lala kwa amani, ulisema kweli.