Umulkheir na Simu ya Zahanati ya Siyu

Asalaam aleikum, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Bi Umulkheir Mselem, mhandisi wa mawasiliano, mzaliwa wa kijiji cha kisiwani cha Siyu. Alitutoka mwezi uliopita huko Mombasa, kwa maradhi ya figo. Nasimulia kwa uchungu, na sitaficha, kwa hasira pia.

Umulkheir aliajiriwa na kampuni ya simu. Kampuni ilipotaka kujua mtandao wa visiwani ukoje, ilipakia kifaa cha kupima mawimbi ya simu kwenye boti. Boti ikazunguka. Wakajumlisha, wakagawanya. Wastani ukawa mzuri.

Umulkheir akakataa. Aliwaambia wakubwa wake: "Boti inatembea. Hapa mawimbi yana nguvu, pale yamefifia. Ujumbe mrefu unaotumwa botini unapita kote, pazuri pakifidia pabaya. Hapo wastani ni kweli. Lakini zahanati haitembei. Wimbi linalotoka mnarani moja kwa moja likigongana na lile lililoakisiwa na maji, yanauana. Na yatabaki hivyo mpaka maji yapande au yashuke. Anayepiga simu wakati huo hana wastani. Hana kitu."

Akaomba zahanati ya Siyu ifungiwe antena ya pili, juu ya ile ya kwanza, ili moja ikizimika nyingine ishike. Meneja akamjibu, "Bi Umulkheir, ramani yote ni ya kijani, mtandao ni mzuri kote."

Aliomba tena. Akajibiwa vilevile.

Kisha mama mmoja wa pale Siyu, Swafiya, akashikwa na uchungu wa uzazi, na mtoto amekaa vibaya. Muuguzi wa zahanati, Jeruto, anakumbuka: "Nilipiga simu kuita boti ya wagonjwa. Nikapiga, nikapiga. Mwishowe nikamtuma mtu kwa miguu." Boti ilikuja, imechelewa. Swafiya alipona. Mtoto hakupona.

Kampuni ikasema wastani wa mwezi ule ulikuwa umepanda.

Kakake Umulkheir, Bwana Bakr, ametuambia: "Siku ile hakula. Alinambia, 'Bakr, nimewaeleza kwa Kiswahili, nimewaeleza kwa Kiingereza, nimewaeleza kwa hesabu. Niwaeleze kwa lugha gani tena?'"

Umulkheir akaacha kazi. Tayari alikuwa mgonjwa, miguu imevimba. Alikaa kwenye kiti uani mwa zahanati, akimwelekeza Bakr juu ya mlingoti: panda kidogo, geuza, hapo. Wakafunga antena ya pili. Tangu hapo Jeruto akipiga, anapata.

Kampuni ikaagiza ishushwe, kwa kuwa haimo kwenye mpango. Umulkheir akamwambia Jeruto, "Wakitaka, waje wapande wenyewe." Hawakuja.

Wasikilizaji, hiyo ni zahanati moja. Nyingine visiwani bado zina antena moja moja. Juzi niliipigia kampuni kuuliza. Nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba wastani ni mzuri.

Kwa mamake, Bi Kulthum, kwa Bwana Bakr na kwa watu wote wa Siyu, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu, alijaalie kaburi lake liwe pahali pa nuru.

Nawe unayenisikiliza, ukiambiwa kwamba kwa wastani watu wako hawajambo, usiitikie upesi. Uliza ni nani anayeita sasa hivi na hasikiki.