Agustino Akonaay, Aliyewangoja Ndege na Mkwe Wake

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wetu, majirani na ndugu wote mliofika hapa Endasak, naitwa Bonaventura, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi ya kusoma maisha ya kaka yangu, kazi ambayo ingefaa yeye anifanyie mimi, maana yeye alikuwa na subira na mimi sina.

Agustino alizaliwa hapahapa Endasak tarehe 28 Agosti 1961, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, na mwaka 1980 akaajiriwa katika mashamba ya ngano kule Basotu, ambako kazi yake ya kwanza ilikuwa kufukuza kwelea kwelea kwa kupiga debe, baadaye akawa dereva wa trekta, hadi mwaka 2003 aliporudi nyumbani kulima mahindi na maharage.

Tarehe 16 Julai 1988 alifunga ndoa na shemeji yetu Zita, binti wa Mzee Margwe wa Katesh, wakajaliwa watoto wawili, Brightness na Clement. Brightness ndiye aliyemletea kamera mwaka 2015, akidhani baba atapiga picha za wajukuu, naye akaigeuzia ndege, walewale aliowanyima usingizi ujanani.

Mliopita njia hii mlimwona bustanini, amekaa kwenye kigoda kando ya ua wa minyaa, na lile koti la kijani ambalo hakulibadilisha ili ndege wamzoee, mbele yake karai la maji. Mnana na chozi walizoea upesi, lakini kurumbiza, yule mwenye kifua cha rangi ya chungwa anayeimba alfajiri, aliimba kichakani tu na kutoka hakutaka.

Asubuhi moja ya Februari 2018 kurumbiza alitoka, na dakika hiyohiyo Mzee Margwe akaingia getini. Wote mnajua mkwe anapokelewaje kwetu, lakini kaka, jicho likiwa kwenye kamera, hakusimama, hakutoa shikamoo, aliinua kiganja tu kumwashiria mzee asisogee. Mzee aligeuza akaondoka, na akasema hatakanyaga tena hapa. Shemeji alikwenda kwao peke yake na kurudi macho mekundu, nyumba ikakosa raha kabisa.

Mimi nilimgombeza, nikataka tupeleke wazee na kondoo upesi yaishe, akasema bado, mzee hajamzoea. Kila Jumapili baada ya misa alipanda bodaboda hadi Katesh, akakaa nje ya boma la mkwe na koti lake, bila kuita, bila kubisha, hadi jioni. Watu walimcheka, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, mzee alitoka na kigoda chake, akaketi, akaomba aione hiyo picha iliyomwaibisha. Ulionekana mkia tu, tena wenye ukungu. Mzee alicheka hadi akakohoa, akasema kama shida ilikuwa mkia, angempa wa jogoo.

Tangu hapo alikuja mwenyewe kukaa naye bustanini, na picha kamili waliipata pamoja tarehe 3 Novemba 2020.

Mwaka 2023 kaka alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa Katesh na baadaye Haydom, hadi Mungu alipomwita tarehe 6 Mei 2025, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Zita. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolima shamba lake alipokuwa kitandani, wenzake wa Basotu, na jumuiya yetu ndogondogo. Aliyewahi kumsalimia pale bustanini asijibiwe, tunaomba amsamehe.

Mzee Margwe, shikamoo. Tangu asubuhi tunakuletea kiti unakataa, umesimama na fimbo yako mbele ya jeneza hili, na miaka yako tisini na moja, wewe ambaye sisi ndio tunaopaswa kusimama mbele yako. Tumeona, baba, na hatutasahau.

Kaka Agustino, mkwe wako amesimama kwa ajili yako. Pumzika sasa, na amani ya Mungu iwe nawe.