Mke Si Samani

Alasiri ile kwenye baraza ya Kiponda, kahawa ya muuzaji Mmanga ilikuwa moto, na Mzee Silima alikuwa moto zaidi. Kijiwe kilimwita Nyoosha, maana jambo lililopinda hakuwa na subira nalo. Mwezi mzima kila duka na kila bodaboda ilipiga wimbo alioutunga yeye miaka arubaini nyuma, wimbo wa mapenzi wa polepole, ambao sasa vijana wa hip hop wa Jang'ombe wameutia ngoma na kufokafoka. Ruhusa aliwapa mwenyewe. Lakini pale alipotunga "wewe thamani yangu", wao wanaimba "wewe samani yangu", na Unguja nzima inaitikia. Tena mwimbaji wao, Suhaib, ndiye aliyekuwa amuoe mjukuu wake Tahiya Ijumaa hii. Baba yake Tahiya keshafariki, walii wa kumuozesha ni Silima. Na Silima kaapa haozeshi.

— Hebu nambieni, mke ni kochi? Nimtoe mjukuu wangu nimpe mtu anayemwita kabati?

— Mie nshaijua siri yake, alisema Jaku, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Wamelipwa na wenye maduka ya makochi. Umeusikia wapi wimbo ule?

— Kwa muuza mchele. Kwa kinyozi.

— Basi nao wamo!

— Wamo wapi, Redio? Kinyozi anauza makabati?

— Kwani ukenda kunyoa unakaa chini?

Mmanga akamimina kikombe.

— Mie naona ni simu, Mzee. Vile vispika vyake vidogo. "Th" haipiti, inakwama.

— Inakwama vipi? Mbona "thelathini" inapita?

— Ile inapita kwa sababu ni hesabu.

— Subhanallah!

— Hamjaliona kubwa, Redio akainuka. Wanatuchukulia herufi mojamoja! Leo "th", kesho "gh". "Ghali" itakuwa "gali", tutauziwa vitu ghali bila kujua. Halafu waje wachukue "dh".

— Hiyo waichukue tu, akasema Mmanga. Hatutodhulumiwa tena.

Silima akaweka kikombe chini kwa kishindo. Hakutaka siri wala vispika. Alitaka mtu mmoja tu wa kusema kosa ni kosa. Tangu juzi Tahiya hali wala hamsemeshi.

Ndipo Suhaib mwenyewe akatokea, na karatasi mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakajibu wawili. Silima alitazama ukuta.

— Babu, sikuja kubishana. Ulipotupa ruhusa ulitupa na karatasi yako ya maneno. Mkanda wa zamani umeoza, unakoroma tu, basi sisi tukaimba ilivyoandikwa. Nataka kuuliza kitu kimoja. Akaikunjua karatasi, akaweka kidole kwenye neno lililotangulia "yangu". Herufi hii ya mwanzo ni gani?

Redio aliinama, akatazama, akakohoa. Mmanga naye alisogea, akasoma kwa midomo, akarudi kwenye birika lake kama aliyesahau kitu.

Silima akavaa miwani. Mwandiko ulikuwa wake, ule aliojifundisha ukubwani kwa kunakili mabango ya maduka. Mwaka ule alikuwa akimchorea vibao seremala mmoja, SAMANI, SAMANI, mpaka mkono ukawa unakwenda wenyewe. Karatasi hakuisoma tena, kwani maneno alikuwa nayo moyoni. Na S ile hapo, nene, haina haya.

— Labda wino ulimwagika, akajaribu Redio.

— Nyamaza! Wino haukumwagika. Nimeandika mie, S, kwa mkono wangu. Mnanikodolea macho ya nini? Hamjaona mtu aliyekosea?

Silima akavua miwani, akamgeukia Suhaib kwa mara ya kwanza.

— Ijumaa, baada ya sala. Kiapo changu nitakitolea kafara. Nakwenda kumwambia Tahiya ale.

Suhaib akambusu mkono. Mzee akashika njia kwa hasira ileile aliyokuja nayo, lakini kwenye kona akasimama.

— We Suhaib!

— Naam, babu.

— Siku hiyo mie ntatamka tu. Kuandika, ataandika sheikh.