Mguu wa Kalume

Kijiwe chetu kiko Matsangoni, kando ya barabara kuu, nyuma ya duka la nafaka. Lori likipita, mabati yanatetemeka na kahawa inachezacheza vikombeni. Benchi ni moja, na juu yake tumefunga kipande cha turubai. Hamad ndiye mwenye dele la kahawa. Kila alasiri huja na jiko lake la makaa na vikombe ndani ya kindoo cha maji. Mahmood tunamwita Wakili, ingawa mahakamani alifika mara moja tu, tena kama shahidi. Mwambire ni Redio, kwa kuwa hana mahali pa kuzimiwa. Mimi nashona viatu hapo pembeni, wananiita Fundi. Na alikuwapo Kalume, mgema wa tembo, aliyekaa mwisho wa benchi upande wa barabarani. Habari hii ni yake.

Kalume alipanda minazi tangu hajaota ndevu. Alikuwa mwembamba, mrefu, na nyayo zake zilikuwa ngumu hivi kwamba sikuwahi kumshonea hata ndara. Sukari alikuwa nayo miaka mingi, akimeza vidonge siku akikumbuka. Kisha akakanyaga kigae cha chupa. Kidonda kidogo tu, alikipaka majivu akaendelea na kazi. Hakikupona. Mvua za masika zilipokwisha, vidole viwili vilikuwa vyeusi, na alikuwa akija kijiweni amefunga mguu kwa kipande cha leso ya mkewe Kadii, nzi wakimfuata. Daktari alimwambia waziwazi: mguu ukatwe chini ya goti, na ukatwe sasa, goti likiwa bado linaokoleka. Binti yake Charity, anayefanya kazi hotelini Watamu, akaomba ruhusa kazini, akapanga kuja na tuktuk kumchukua.

Siku yenyewe Kalume alitangulia kuja kijiweni. Alikaa mahali pake, akaunyoosha mguu juu ya gogo.

— Leo Charity ananijia, akasema. Nimekuja kuwaaga na mguu wangu.

Hamad akammiminia kahawa bila kuulizwa.

— Usiseme kuaga, yakhe. Sema unaenda kutibiwa.

— Kutibiwa ni kupona, alidakia Redio. Huku ni kupunguzwa! Kalume, mimi nakwambia kama ndugu yako. Madaktari wa siku hizi wanapenda kukata. Nimesikia kwa masikio yangu, mtu alikuwa akieleza hewani. Wale vijana wanaosomea udaktari lazima wajifunzie mahali. Sasa watajifunzia kwa nani? Kwa mtu mkubwa wa Nairobi? Wanajifunzia kwetu.

— Nani alieleza? akauliza Hamad.

— Mtu. Hewani.

— Basi ni wewe mwenyewe.

Tukacheka, hata Kalume. Nikaona nafasi nikasema langu:

— Kalume, nenda. Daktari ameuona mguu, Redio ameusikia hewani.

— Fundi, wewe kaa na viatu vyako, alisema Wakili, akakunja kanzu yake magotini, ishara kwamba anaanza hotuba. Hili jambo lina pande zake. Kwanza, mwili wa mtu ni amana. Umepewa mzima, utaurudisha nusu? Siku ya kufufuliwa utasimamaje?

— Aliyeuumba atajua pa kuupata, akajibu Hamad. Hilo halikuhusu.

— Haya, tuliache. La pili. Sukari si maradhi.

— Nini?

— Si maradhi! Sukari ni huzuni. Mtu akiishi maisha asiyoyataka, damu inabadilika. Nitazameni mimi. Nilitakiwa kwenda Uarabuni na binamu yangu, tikiti iko mkononi. Mama akalia, nikabaki. Tangu siku ile kila asubuhi nikiamka najiona niko kule, nimevaa vizuri, naendesha gari. Mwaka uliofuata nikapimwa nikaambiwa nina presha. Hiyo presha ni nini? Ni ile tikiti! Inanisukuma ndani kwa ndani.

— Kwa hiyo Kalume afanye nini? nikauliza.

— Aache kuwaza ya mbele. Mguu unaoza kwa sababu mwenyewe anauwazia kuoza. Akikaa na siku yake, akala siku yake, akalala, sukari itashuka yenyewe.

Redio akapiga paja.

— Hapo sasa! Na tena kuna jambo mnalificha. Mguu ukikatwa haufi. Kule Marafa kulikuwa na mzee, walimkata, wakauzika mguu wake shambani. Wallahi, mwezi mzima mzee anajikuna kidole kisichokuwapo. Anaamka analia, siafu wananiuma! Watu wakaenda kufukua. Wakakuta nini? Siafu! Sasa mguu ukishatangulia kaburini, unafanya kazi gani huko? Unamwita mwenzake. Baada ya mguu wa pili inafuata mikono.

— Mwambire, muogope Mungu, akasema Hamad. Mtu ni mgonjwa.

— Namwambia ukweli.

— Unamtisha.

— Na daktari je, hamtishi?

Lori la mchanga likapita, tukafunika vikombe mpaka vumbi lilipotua. Kalume alikuwa bado ameshika kikombe hajanywa.

— Mimi sina hofu ya kisu, akasema. Nitawaambia hofu yangu. Chini hapa mimi ni mtu wa kuwaza sana. Nawaza wanangu wawili niliowazika wadogo. Nawaza ile kazi ya hoteli niliyoikataa ujanani, nikaona aibu kuvaa kofia nyeupe na kubeba sahani za watu. Kadii angeishi kwenye nyumba ya mawe. Nawaza usiku hata usingizi unanipita. Lakini nikipanda, nikafika juu, nikaegemeza kifua kwenye makuti, yote yanabaki chini. Kule ukiwaza ya jana unaanguka. Ukiwaza ya kesho unaanguka pia. Una mkono wako, una kisu chako, una panda la mnazi linalotoa tembo mbele ya macho. Basi. Nayaona maji ya Mida yote, naiona mikoko mpaka Dabaso. Hata nyinyi nawaona, nikiwa kwenye minazi ya hapo nyuma.

— Tunaonekanaje? akauliza Redio.

— Kama nguo zilizoanikwa zikasahauliwa.

Tukacheka tena, ila si sana.

— Sasa nawauliza, akaendelea Kalume. Wakinikata nitaishi, sawa. Nitaishi nikifanya nini?

— Watu wanaishi, Kalume, nikasema. Kuna miguu ya plastiki siku hizi. Utatembea.

— Nitapanda?

Nikavuta uzi, maana jibu alikuwa nalo.

— Utauza tembo badala ya kuligema, akasema Wakili. Wajukuu watapanda.

— Wajukuu wangu wako shule, wanaogopa hata ngazi.

— Basi utapumzika! alisema Redio. Umefanya kazi miaka yote. Utakuja hapa asubuhi, utakaa na sisi mpaka jioni. Kila siku. Kahawa ipo, hadithi zipo. Unataka nini zaidi?

Kalume akageuza kichwa. Akamtazama Redio, kisha Wakili aliyekuwa akichokonoa meno, kisha mimi na sindano yangu, kisha Hamad na dele lake. Alitutazama kwa utulivu, kama mtu anayechagua embe sokoni. Halafu akanywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja.

Tuktuk ikasimama. Charity akashuka, bado amevaa sare ya kazi, ameshika mfuko wenye shuka na sabuni.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanetu.

— Baba, twende. Wamesema tufike kabla hawajabadilishana zamu.

— Leo hapana, mwanangu.

— Baba!

— Nipeleke nyumbani. Mwambie mama yako nataka wali wa nazi.

Charity alitugeukia. Macho yake yalikuwa yakitafuta mtu mzima wa kumsaidia. Hamad akasema, Kalume, mtii mtoto, nenda. Mimi pia nikasema nenda. Lakini maneno yetu yalitoka pamoja, yakagongana, na Wakili akawa anasema muachieni mwenyewe aamue, na Redio anamwambia dereva wa tuktuk habari za siafu wa Marafa. Kalume akaingia nyuma, akaupandisha mguu kwa mikono miwili, akatupungia. Charity alikaa kando yake analia bila sauti, mfuko wa shuka mapajani.

Yaliyofuata tuliyapata kwa vipande, kwa majirani na kwa Charity mwenyewe.

Kesho yake asubuhi Kalume alifunga mguu vizuri, akautia mfuko wa plastiki, akaenda kwenye mnazi ulio nyuma ya jikoni mwake. Akapanda. Alitumia mguu mmoja na mikono na magoti, akipumzika kila hatua, huku Kadii amesimama chini amejishika kichwa. Alifika. Akagema. Watu waliokuwa wakielekea mashambani walimsikia akiwaita kwa majina kutoka juu, akiuliza habari za watoto wao, za mbuzi wao, za ugomvi wao wa mwaka jana. Alikaa huko mpaka jua likawa kali. Alishuka ametota jasho, mguu unavuja damu na usaha, akala akalala. Siku ya pili akapanda tena. Na ya tatu.

Kisha homa ikamkamata. Alianza kutetemeka, akawa anaongea na watoto waliokufa. Charity alikodi gari wakampeleka hospitali. Wakakata, si chini ya goti tena, bali pajani kabisa, na daktari akawaambia mapema kwamba wamekuja wamechelewa. Kalume hakuamka vizuri. Alikufa adhuhuri, mkewe akimpepea kwa kanga. Walimrudisha nyumbani, na mguu wake ukawekwa ndani ya jeneza pamoja naye, kwa sababu Kadii alikataa kuuacha.

Tulikwenda kuzika, tukakaa matangani, tukarudi. Alasiri ya kwanza baada ya hapo tulikuwa benchini sote, mwisho wa benchi uko wazi.

— Mimi sikumwambia asiende, akaanza Redio.

— Nani kasema ulimwambia? akauliza Wakili.

— Nasema tu. Mimi nilieleza habari nilizozisikia. Mtu na akili yake.

— Ulimtia siafu kichwani.

— Na wewe ulimwambia sukari ni huzuni! Ulimwambia ale siku yake!

— Nilimwambia aache kuwaza. Sikumwambia apande mnazi na kidonda. Kama angekaa chini na siku yake, angepona. Kilichomuua ni mnazi.

— Si mnazi. Ni ile tuktuk. Ilimtikisa, sumu ikapanda juu. Sumu ya mguu ikitikiswa inapanda kama maji kwenye mpira.

— Mwambire, akasema Hamad kwa sauti ndogo.

— Au ni hao wa hospitali. Walikuwa wamekasirika kwa kuwa aliwakataa mwanzo. Wakamkata juu makusudi.

— Mwambire! Nyamaza, bwana. Nakuomba.

Redio akanyamaza. Nilikuwa sijawahi kumwona akinyamaza kwa kuambiwa. Alianza kulia, mtu mzima yule, akijifuta kwa kofia yake.

— Alikuwa rafiki yangu, akasema. Tulitahiriwa siku moja.

Wakili akamwekea mkono begani. Mimi niliendelea kushona kiatu ambacho sikumbuki kilikuwa cha nani.

Ndipo tulipomwona Kadii akivuka barabara. Wanawake wa hapa hawaji kijiweni. Wakiwa na haja na mtu humtuma mtoto. Yeye alikuja mwenyewe, amejitanda kaniki, akatusalimu mmoja mmoja kwa jina. Tulisimama wote. Hamad akampangusia nafasi kwa kitambaa chake. Akakaa mwisho wa benchi, akapokea kahawa, akaishika kwa mikono miwili.

Wakili akakohoa.

— Mama Charity, Mungu akupe subira. Sisi, kwa kweli, siku ile hatuku...

— Sikuja kugombana, baba, akasema Kadii. Charity amekasirika na nyinyi, atakasirika mpaka achoke. Mimi nimekuja kuuliza kitu kimoja.

— Uliza, akasema Hamad.

— Tangu mguu uanze, Kalume alikuwa mtu mwingine. Hali, halali, hasemi na mtu. Na hata kabla ya mguu, mnamjua, alikuwa na mawazo yake. Miaka mingi nimeishi na mgongo wake. Siku ile aliporudi kutoka hapa, aliingia anacheka. Alikula wali mpaka sufuria ikalia. Akanishika kiuno mbele ya wajukuu, nikaona haya. Zile siku chache tulikaa kama tumeoana juzi. Alikuwa ananiita nje nitazame tu jua likizama, mimi na kazi zangu. Akaniambia, Kadii, hata ile kofia nyeupe siiwazi tena.

Kahawa ikamwagikia kidole, hakuipangusa.

— Nimelala nayo hiyo, nimeamka nayo. Nataka kujua. Mlimwambia nini?

Redio alikunjakunja kofia yake. Wakili alitazama barabara kama anayesubiri gari. Hamad alishika dele, akaliweka tena jikoni bila kummiminia mtu. Mimi nilikuwa na maneno yote ya siku ile kichwani, moja moja, na hakuna hata moja ambalo ningeweza kumpa mwanamke yule aende nalo nyumbani.

Kadii alingoja. Alingoja mpaka kahawa yake ikapoa. Kisha akakiweka kikombe kwenye benchi, akasema ahsanteni, akavuka barabara.