Kopo la Piusi

Benchi letu liko nje ya duka la ushirika, Karatu, mahali ambapo malori ya Ngorongoro hupunguza mwendo kabla ya kuukabili mlima. Kahawa tunamiminiwa na Mrangi mmoja wa Kondoa tuliyembatiza Birika. Mwaka huu wa themanini na tatu sukari haionekani, kwa hiyo tunainywa chungu na kubishana zaidi. Alasiri hiyo alikuwapo Redio, yaani Metui, mfugaji wa Soitsambu, anayesikia habari kabla hazijatokea. Alikuwapo Waziri, yaani mzee Sylvesta, aliyewahi kuwa mjumbe wa nyumba kumi. Na alikuwapo Piusi wa Mbulumbulu, ambaye hana jina la utani. Piusi ana kifafa. Tangu aanze vidonge vya zahanati hajaanguka isipokuwa mara moja dawa ilipokosekana, na msimu uliopita alishika plau mwenyewe nyuma ya ng'ombe wake. Siku hiyo alikuwa anatoka zahanati, ambako wageni walikuja kupima jinsi wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanavyojitunza majumbani. Kopo lake la dawa lilikuwa mapajani.

Waziri: Haya, Piusi, wamekupimaje?

Piusi: Mwili hawakuugusa, mzee. Walisema leta kopo. Wakamwaga vidonge mezani, wakahesabu vilivyobaki.

Redio: Na vilibaki?

Piusi: Nusu kopo!

Birika: Vyote hivyo? Kumbe huvimezi?

Piusi: Navimeza. Ila zahanati ikiishiwa, inaishiwa kweli. Mwaka juzi waliniambia rudi wiki ijayo, wiki ijayo, mpaka nikaangukia moto. Huu mkono mnauona. Tangu hapo nakata kidonge: nusu nameza, nusu naweka. Pombe nimeacha. Usiku nalala mapema. Jikoni sikai peke yangu. Na sijaanguka tena.

Kule Mbulumbulu, mtu ambaye ghala lake bado lina mahindi wakati wa palizi huheshimiwa. Wenzake humwita mwenye nyumba. Piusi alilipeleka kopo lake kwa moyo huohuo. Mkewe alikuwa amelisugua kwa majivu mpaka likang'aa.

Mimi: Wakasemaje, Piusi?

Piusi: Wakasema mimi mkaidi, Mwalimu. Kwamba mgonjwa anayejitunza kopo lake huwa tupu. Dawa ni chache, wapewe wanaozimeza. Wakavichukua vyote, wakanirudishia kopo.

Waziri: Hukuwaeleza?

Piusi: Nilieleza. Yule kijana wao aliyekuwa anaandika akaniambia sababu yangu haina mahali pa kuiandika.

Redio: Tatizo lako huna masikio, kaka. Jana habari ilishafika Endabash: mwenye kopo tupu anapewa mche wa sabuni. Bernadina, yule wa pumu, amemwaga vidonge vyake chooni asubuhi. Amepita hapa na sabuni kichwani, anacheka.

Waziri: Basi huyo ndiye anayejitunza. Tunaona kwa macho, atakuwa safi.

Birika: Sasa hivyo vya Piusi vimekwenda wapi?

Redio: Kreta, kule Ngorongoro.

Birika: Kreta kufanya nini?

Redio: Piusi, vidonge vyako si vinaleta usingizi?

Piusi: Kidogo.

Redio: Mmesikia! Wanalishwa simba. Simba akisinzia, mtalii anapiga picha bila kukimbia. Mnadhani simba wa kule wanalala mchana kwa sababu ya uvivu?

Waziri: Acha hizo, Metui. Mimi nimekuwa mjumbe, nazijua njia za mambo haya. Vinapelekwa mbali, vinahesabiwa upya, inaonekana huko kuna dawa nyingi. Halafu vinafungwa kwenye boksi zuri, vinarudi hapa kama msaada. Tunaitwa uwanjani, tunavipokea kwa ngoma. Piusi mwenyewe anashukuru kwa niaba yetu.

Redio: Mwakani watapima wakulima. Mwenye ghala tupu ndiye anayejua kula.

Waziri: Na nyie wafugaji msijifiche. Zizi tupu, mfugaji hodari!

Birika: Na birika?

Waziri: Birika tupu unapewa sabuni, bwana wee. Mimina upesi.

Tulicheka. Piusi naye alicheka, akachelewa kuacha, mpaka sisi tukanyamaza tukabaki tunamsikiliza yeye peke yake.

Ndipo akatokea Blandina, mkewe, kutoka upande wa mnadani. Alikuwa anavuta dume la ng'ombe kwa kamba, jasho linamtiririka, uso umekunjuka.

Blandina: Shikamooni, wazee.

Sisi: Marahaba, mama.

Blandina: Baba Leonida, kumbe uko hapa! Angalia, nimeazimwa dume la pili. Tumeshakamilisha jozi. Kesho tunaanza kulima. Plau utashika wewe kama mwaka jana, au nitafute mtu?

Redio akageukia barabara, ingawa hakuna lori lililokuwa linakuja. Waziri alinyoosha kikombe, na Birika akakijaza mpaka kahawa ikammwagikia mzee vidoleni. Piusi alilitazama lile dume, miguu kwanza, kisha shingo, kama mtu anayelipimia nira.

Blandina alidhani hatujamsikia. Akauliza tena.