Bibi Mkato na Msomaji Wake

Ndugu waombolezaji, shangazi yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Bibi Mkato, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, fundi viatu, akiwa kitinda mimba, na kwa mujibu wa dada zake, alizaliwa akiwa na la kusema.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, kisha akaingia sekondari ya wasichana, ambako mikato ya Kiingereza, zile alama za koma, ilimteka moyo, maana wenzake waliinyunyiza kama chumvi, ilhali yeye alitaka kujua kila mmoja umekaa pale kwa kazi gani.

Tarehe 2 Januari 1973 aliajiriwa kusahihisha prufu, yaani kurasa za majaribio, katika kiwanda cha uchapaji, kazi iliyofanywa na watu wawili, mmoja akisoma kwa sauti kila neno na kila alama, mwingine akifuata kwa kalamu nyekundu, na msomaji wake alikuwa kijana mmoja mpole kupita kiasi. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1976, na bwana harusi, kwa mazoea ya kazi, akasoma kiapo kwa sauti, "Mimi, mkato, nakupokea wewe, mkato, uwe mke wangu," waalikwa wakavunjika mbavu, lakini bibi harusi akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Walijaliwa mabinti wawili, ambao barua zao za bweni zilirudi zimejaa wino mwekundu, na mapenzi tele chini yake.

Mwaka 2021 kisukari kilimpofusha, akiwa hajamaliza kuhariri kitabu chake cha kuwafundisha wanafunzi mikato, na hofu yake ilikuwa moja tu, kuondoka kabla ya kukikamilisha. Mumewe akaketi kando ya kitanda, akamsomea muswada wote, yeye akisahihisha kwa masikio. Walipoukaribia mwisho, mzee akaanza kurudia kurasa walizokwisha kuzipita, kwa kuogopa siku ya kumaliza, naye alijua, akamwacha, hadi asubuhi moja alipomshika mkono, akamwambia, "Baba, soma mbele, mimi nipo." Walimaliza tarehe 4 Juni 2024, akafariki tarehe 6, mkono wake ungali mkononi mwa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kufagia bila kuombwa, na wapiga chapa wenzake, waliokiharakisha kitabu, kikafika jana jioni. Mzee wetu sauti imemgomea, ameniomba nimsemee, "Mke wangu, kimetoka, kizuri, lala salama."