Mzee Jedwali na Tatu Mara Nne

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitajitahidi kuwa mfupi, maana mwenyewe akiona mtu anazungukazunguka jibu alikuwa anakunja uso.

Kaka alizaliwa tarehe 14 Juni 1948, kifungua mimba wa seremala, akamaliza chuo cha ualimu mwaka 1967, na kuanzia Januari 1968 hadi alipostaafu mwaka 2003 alifundisha hesabu katika shule ya msingi iliyo nyuma ya stesheni, ambako darasa zima liliimba jedwali la kuzidisha kabla ya kufungua daftari, ndiyo maana nusu yenu hapa mnamjua kama Mzee Jedwali tu.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na shemeji yangu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume ambaye ni fundi umeme, na wa kike ambaye anafundisha aljebra chuo kikuu, na hapo ndipo palipozuka neno.

Mwaka 2016 binti alimweleza baba yake kwamba katika hesabu za saa, mshale ukifika kumi na mbili umerudi sifuri, kwa hiyo tatu mara nne ni sifuri, na kaka, aliyefundisha kumi na mbili maisha yake yote, alikuja juu, akasema chuo kimemharibia mtoto, na tangu siku ile hawakupikika chungu kimoja. Tulisuluhisha tukachoka, na shemeji aliumia sana.

Januari 2019 figo zilimlaza hospitali, akaagiza binti aitwe, akamwambia, "Nifundishe hiyo ya saa, nisiondoke sijaielewa." Binti alikaa kando ya kitanda, wakawa wanachora majedwali, na tarehe 13 Machi kaka alijaza moja peke yake, lote sawasawa, isipokuwa nane mara tano, ambako kumi na mbili zikitolewa mara tatu hubaki nne, yeye mazoea yakamshinda, akaandika arobaini. Binti aliliona kosa, akaanza kuikunja karatasi, lakini baba yake akamshika mkono.

"Nikoseshe, mwanangu. Mwalimu hamwonei mtu huruma."

Binti akatia alama ya kosa huku analia, na kaka, kwa mara ya kwanza, akamwita Mwalimu. Alifariki kesho yake, Alhamisi, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, walimu wenzake wote, na zaidi tunamshukuru binti yake, kwa kutomwonea huruma.

Kaka, upumzike kwa amani.